Mama mkwe alivyoshika kamba tukashusha giaboksi kihambani

Wakuu, salaam kwenu, na shikamoo kwa wakubwa mliomo humu.

Nawapa kitu kilivyotokea, bila chumvi. Kucha zangu bado zina grisi ninapoandika, kwa hiyo herufi ikiruka mnivumilie.

Mimi naishi Njoro hapa Moshi, nauza vifaa vya ujenzi. Sio fundi magari, ila nimekulia jirani na gereji, spana hainitishi. Klachi ya gari langu niliwahi kubadilisha mwenyewe, lakini kwenye gereji ya mshikaji, pale kuna shimo unasimama chini ya gari kama bwana.

Mama mkwe wangu yuko Mamba, unapita Himo unapandisha. Mjane. Ana ng'ombe, ana migomba, na ana pickup kuukuu ya diesel aliyoachiwa na marehemu. Kila asubuhi anazunguka nayo kwa majirani kukusanya maziwa, anayashusha Himo. Anaendesha mwenyewe. Kina mama wengi kule hawana njia nyingine ya kufikisha maziwa kwa mnunuzi.

Sasa masika hii klachi ikafa. Injini inanguruma, gari haliendi, harufu ya kuungua mpaka jikoni. Na limefia pabaya: uani kwake, ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, chini ya kilima, kinjia chenyewe ni tope tupu.

Fundi wa Himo akasema lifike gereji kwanza. Mwenye gari la kuvuta alikuja, akatazama ule mteremko, akageuza.

Huku mnunuzi kasema ukweli wake: maziwa yasipofika anatafuta upande mwingine. Mama akawa anabeba madumu kwa bodaboda, lakini ya majirani yote hayabebeki. Wengine wakaanza kuwanywesha ndama.

Wife akaniambia, "Mama hataomba, unamjua. Nenda."

Nikapanda na spana zangu na sahani mpya ya klachi.

Nikamkuta uani, nikamwamkia. "Marahaba, baba Neema. Umekuja kulitazama au kulifungua?"

"Kulifungua, mama. Ila giaboksi lazima ishuke, na hapa hatuna jeki ya kuishushia. Ni nzito."

"Nzito kuliko ndama aliyekwama tumboni?"

Nikaanza kupanga spana.

Wakuu, mnajua heshima yetu na mama mkwe. Mimi nikienda kule nakaa kiti cha mbali, naongea kwa kupima. Siku hiyo mama alifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya marehemu, akaja kulala chini ya gari pembeni yangu, juu ya boksi, ili aone kinachoshikilia nini. Niliona aibu mimi. Yeye wala.

Gari tulilinyanyua kwa jeki ndogo ya chupa, upande mmoja baada ya mwingine, tukalikalisha juu ya magogo yaliyopangwa msalaba. Matairi tukayazuia kwa mawe. Nikasema tayari. Mama akasema bado. Akaegemeza bega kwenye gari, akalisukuma kwa nguvu zote, mbele, nyuma, ubavuni. Gogo moja likacheza. Tukashusha, tukapanga upya.

Kwa wasiojua: giaboksi inakaa chini katikati ya gari, imefungwa nyuma ya injini, na klachi iko kati ya hivyo viwili. Huwezi kuigusa klachi mpaka uitoe giaboksi.

Njia yetu ilikuwa hivi. Kiti tulikitoa. Ukifungua mkono wa gia, kwenye sakafu linabaki tundu. Tukalaza gogo la mgrevilea kutoka mlango mmoja hadi wa pili, juu ya lile tundu. Kamba ikashuka tunduni, ikapita chini ya tumbo la giaboksi, ikarudi juu.

Mimi nilitaka mama aishike tu kwa mikono. Akacheka.

"Dume la ng'ombe humshiki kwa mikono, baba. Unazungusha kamba kwenye mti, mti ndio unamshika."

Akaizungusha kwenye gogo, akabaki na ncha.

Nikaingia chini. Propela, ule mhimili unaozungusha matairi ya nyuma, nikatoa, starta nikatoa, bolti moja moja zikaachia. Ya mwisho ikatoka, giaboksi imeng'ang'ania pale pale. Nikachomeka nondo, nikabinua.

Ikaachia kwa mpigo.

Wakuu, nilisikia mlio, nikaona chuma kinakuja kifuani. Nilifumba macho. Nilimwona mwanangu Neema kwa akili, basi.

Haikufika.

Ilikuwa inaning'inia juu ya shati langu, inabembea polepole, oili inanidondokea shingoni. Halafu nikasikia sauti ya mama, tulivu kama ya mtu anayekukaribisha mezani.

"Toka, baba. Taratibu. Usishike kitu."

Nikajiburuta mpaka nje. Ndipo nikamwona: mguu ameukandamiza kwenye kizingiti cha mlango, kamba imezama kwenye kiganja, mishipa ya shingo imesimama. Hakuniangalia hata. Alikuwa analegeza kidogo kidogo, mpaka giaboksi ikalala chini kwenye majani makavu ya migomba tuliyotandika.

Nikakaa kwenye tope.

"Mama, tuache. Tutafute watu."

Alikuwa anatumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, ngozi ya kiganja imechubuka. "Kuogopa ni halali. Kula kwanza, halafu uniambie tena tuache."

Akaniletea mtori wa moto, ule wa ndizi na nyama. Nilikula. Sikusema tena tuache.

Sahani ya zamani ilikuwa imekwisha mpaka chuma. Kifaa cha kuiweka mpya katikati sikuwa nacho, kwa hiyo mama akachonga kijiti cha mkahawa, mti mgumu ule, anapunguza na kujaribu mpaka kikakaa sawa.

Kupandisha ndiko kulitutoa jasho. Yeye juu anavuta, mimi pembeni naelekeza. Safari hii mwili wangu wote nje, mikono tu ndiyo ndani. "Vuta mama. Legeza. Vuta." Ikagoma na kugoma. Nikaingiza gia, nikazungusha mkia wa giaboksi taratibu kwa mkono, meno yakapatana, ikazama mahali pake. Mama akasema neno moja tu, "Aika," na sikujua anamshukuru Mungu, mimi au ile kamba.

Somo langu: usiingize kifua chini ya chuma kinachoshikiliwa na kitu kimoja tu. Na mshika kamba mchague kwa makini kuliko unavyochagua spana. Watu wenye nguvu ni wengi. Asiyeachia akiumia ndiye wa kutafuta.

Mafundi mliomo humu, mnarudishaje giaboksi nzito bila jeki yake? Na kama kuna tulipokosea, semeni, mama anataka kujua.

Jioni ile tulifunga bolti zote, tukalishusha gari. Asubuhi yake tope lilikuwa limekauka kidogo. Alishika usukani kwa mkono uliofungwa kitambaa, akaingiza namba moja, gari likapanda kile kilima bila kusita. Majirani walikuwa wamesimama juu na madumu yao, wakapiga vigelegele na makofi.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Pakieni jamani! Mnunuzi hanunui makofi."