Gari Lililokunywa Mafuta Likiwa Limelala

Mtaa mzima ulimwita Sikio, naye hakuchukia. Mafundi wenzake gereji walikimbilia spana. Yeye aliinama juu ya injini, akafumba macho, na ole wake atakayemsemesha wakati huo. Alichokichukia duniani ni kelele isiyo na kazi. Nati ikilegea kwenye gari la mpita njia, Sikio alikosa raha mpaka chakula cha mchana. Mkewe alisema ameolewa na mwanamume anayesikia magurudumu yote ya mji ila hasikii akiitwa kula.

Basi siku moja akaja shemeji yake, mjane wa rafiki yake aliyefariki miezi michache nyuma.

"Shemeji, hili gari linabugia mafuta," alisema. "Najaza Jumamosi. Siku za kazi napanda basi, lenyewe linabaki bandani. Jumamosi nyingine nikilifungua, mshale wa mafuta umelala."

Sikio akacheka. Gari la familia kubugia mafuta ni ugonjwa wa kawaida kama mafua. Matairi yalikuwa na upepo kidogo, akayajaza. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi, akaweka jipya. Breki moja ya nyuma ilikuwa inashika hata mguu ukishatoka kwenye pedeli, akailegeza. Plagi zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi, akazibadilisha zote. Mwisho akalala chini ya gari, na hapo akakutana na adui yake wa siku nyingi: bati linalokinga joto la bomba la moshi. Lilikuwa limelegea, na injini ikishapata moto liligonga ngo, ngo, ngo, kama mgeni mlangoni. Marehemu hakutaka liguswe. "Hilo liache," alikuwa akisema, na akiulizwa sababu anacheka tu. Safari hii mwenye kukataa hakuwapo. Sikio akalikaza bure, iwe zawadi kwa mjane.

Gari likatoka gereji limetulia, na Sikio akavimba kichwa.

Haukupita muda mrefu mjane akarudi. Alikaribishwa benchi, hakukaa.

"Imezidi," alisema. "Sasa hata katikati ya wiki halifiki."

Sikio akadhani ni wezi wa mafuta, lakini kifuniko cha tangi kilikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa zima. Akatafuta panapovuja, kote kukavu. Akafungua plagi alizoziweka kwa mikono yake, akazikuta nyeusi kama zile za kwanza. Ndipo akatazama kipimo cha kilomita, nacho kilikuwa hakijasogea ila kidogo. Gari lilikuwa limeunguza tangi zima bila kutoka bandani.

"Shemeji, nani analiwasha?"

Mjane akashusha sauti. "Nilitaka wewe ndiye uniambie. Nikirudi kazini jioni, boneti ni ya moto. Nyumbani yupo mama mkwe peke yake, na yeye hata baiskeli hajui. Nikimuuliza ananijibu, 'Mume wako alikuja.' Ufunguo mmoja ninao mkobani. Wa pili alikuwa nao marehemu siku aliyofariki, hatukuuona tena." Akajifuta uso. "Naogopa. Jumamosi nauza gari, nahama nyumba ile. Na mama itabidi aende kwa binti yake, ambako hataki hata kusikia. Nisaidie kabla ya hapo."

Sikio hakuwa mtu wa mizimu. Alisema hivyo mara mbili, na hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake alasiri alikwenda nyumbani kwao. Alipiga hodi, nyumba ikakaa kimya. Kisha akasikia injini. Ilitoka bandani, nyuma ya mlango uliofungwa, nayo ilikuwa laini, haina kasoro hata moja. Mlio ule angeutambua popote, kwa sababu aliutengeneza mwenyewe. Moshi ulikuwa unapenya chini ya mlango.

Akauvuta mlango. Kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mtu, lakini mkanda ulikuwa umefungwa, umekingama kifua cha mtu asiyekuwapo. Nusura akimbie, na angekimbia kweli, kama asingeona kichwa kimeegemea dirisha la upande wa abiria. Alikuwa mama mkwe, macho nusu wazi. Sikio akafungua mlango, akanyoosha mkono juu yake, akazima gari kwa ule ufunguo wa pili, akambeba mama mpaka uani penye hewa.

Mjane alipofika kutoka kazini, mama alikuwa anakohoa kwenye mkeka. Alipopata sauti, aliitumia kufoka.

"Mbona umezima? Hajagonga bado!"

"Nani, mama?" Sikio akauliza.

"Mwanangu. Ufunguo wake ninao mimi tangu siku ile. Akirudi lazima gari ligonge. Miaka yote, hata nikiwa nimejilaza, nikisikia ngo, ngo, ngo, najua amefika salama. Mwanzo nilikuwa nikiliwasha hachelewi. Anagonga, nazima, roho yangu inatulia. Siku hizi nangoja, nangoja, wapi. Leo nikasema simwachi mpaka agonge."

Sikio akakaa chini vumbini. Zawadi yake ile ya bure ndiyo iliyomgandisha bibi wa watu ndani ya moshi, kila siku zaidi ya jana. Aliona aibu, na aliogopa kuliko alivyoogopa ule mkanda.

Hakumbishia. Alifungua mlango wa banda wote, akangoja moshi uishe, akaingia chini ya gari na spana, akailegeza nati aliyoikaza. Mjane akawasha akiwa upande wa abiria, kwa kuwa mkanda ule hakuna aliyethubutu kuugusa. Wakangoja injini ipate moto.

Ngo, ngo, ngo.

Mama akatabasamu. Akasogea garini, akazima mwenyewe, akautia ufunguo mkononi mwa mkwewe. "Shika, mwanangu. Hana safari tena." Kisha akazunguka gari taratibu, akafungua mlango wa dereva, akainama, akaufungua mkanda.

"Haya baba, umefika. Shuka ukapumzike."

Akabaki ameushika mlango kwa muda anaouchukua mtu aliyechoka kushuka garini. Na Sikio, ambaye si mtu wa mizimu, akajikuta amesogea pembeni kumpisha.