Unga Usiokobolewa

Mwaka 1994 Mohamedi, mwenye duka la vitambaa mjini Mpanda, alianza kunywa maji kama anayezima moto tumboni. Zahanati walichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya bluu, ukageuka rangi ya tofali. Kisukari. Nesi Imakulata akamgeukia mkewe, Rabia.

"Mama, dawa ni nusu tu. Nusu nyingine iko jikoni kwako."

Maneno yale yalimchoma. Miaka kumi na minane alikuwa akimwonyesha mumewe mapenzi kwa wali wa mafuta, maandazi na chai ya vijiko vinne. Tangu siku hiyo akampikia ugali wa dona, wa mahindi yasiyokobolewa, maharage, mlenda na dagaa wa Kapalamsenga.

"Wageni wakikuta dona hapa watasema duka limekufa," Mohamedi alinung'unika.

"Waache waseme, baba Amira. Wewe kula."

Alikula huku amenuna. Miezi ikapita, kiu ikaisha, sukari ikashuka. Rabia mwenyewe hakubadilisha kitu. Wali uliobakizwa na watoto aliumaliza yeye, na chai yake ilibaki ile ile. Mgonjwa alikuwa mumewe. Yeye alikuwa mpishi tu.

Miaka miwili baadaye, akichagua mchele uani, macho yake yalishindwa kutofautisha chuya na punje. Kule zahanati, Imakulata alipoishika chupa ya mkojo wake juu ya moto, Rabia alijua kabla rangi haijatulia.

"Nilikuwa nakulinda wewe," alimwambia mumewe wakirudi nyumbani, "mimi nikajisahau."

Kesho yake Mohamedi alifunga debe la mahindi kwenye baiskeli, akaenda mashineni Ilembo, yeye ambaye alikuwa hajawahi kupanga foleni na wanawake. Yotham, mwendesha mashine, aliuliza kama ayakoboe kwanza.

"Usikoboe," Mohamedi alisema kwa sauti, foleni nzima ikageuka. "Saga hivyo hivyo. Mimi na mke wangu tunaumwa sukari."

Habari zilimfikia Rabia kupitia kwa jirani kabla baiskeli haijafika. Alisikia aibu, halafu akajikuta anacheka peke yake, akabandika maji ya ugali. Mchana ule walikula sahani moja, na watoto wakapewa hiyo hiyo, wakalalamika weee mpaka wakazoea.

Macho ya Rabia hayakurudi kama zamani. Ila hayakuzidi kufifia, na kila mwezi wawili hao walikwenda kupima pamoja.