Vitamini Iliyopanda Siku ya Tatu

Nekesa ana ugonjwa mmoja ambao maabara yake haina kipimo chake: hawezi kuacha swali la mtu likae bila jibu. Tangu Kimilili alikozaliwa hadi Mwihoko anakopanga, ukimuuliza njia atakupeleka mpaka mlangoni. Majirani wanampenda kwa hilo. Wakubwa wake kazini wanamvumilia tu.

Maana kazi yenyewe inataka mtu wa mdomo mzito. Katika hospitali moja ya Thika, yeye ndiye anayepima damu za utafiti wa wagonjwa mahututi, wale ambao maambukizi yamesambaa mwilini mpaka presha ikaanguka. Watafiti wanataka kujua ni kwa kiasi gani oksijeni, hii hii tunayoivuta, imegeuka na kuanza kuchoma seli za mgonjwa. Basi Nekesa huchukua damu, akaifunga chupa kwa foili isipigwe na mwanga, akaitumbukiza kwenye barafu na kutembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Hupima vitu viwili: uharibifu wa seli, ambao hupanda, na vitamini C, ambayo mwili huitumia kujikinga, nayo hushuka. Majibu ni ya watafiti peke yao. Jamaa za mgonjwa hawaambiwi, kwa sababu hakuna anayejua bado namba hizo zimfanyie nini mgonjwa mmoja. Sharti hilo Nekesa alilitia sahihi, kwenye mkataba ambao ungeongezwa au kukatwa mwisho wa mwezi huu.

Jumatatu, mzee Muigai alimvizia kwenye korido. Ni mchonga mawe kule Juja, mtu wa mikono mikubwa, na mkewe Warigia alikuwa ICU siku ya pili, baada ya kidonda cha mguu kumtia maambukizi kwenye damu.

"Daktari, hiyo damu mnabeba kila siku, inasema nini?"

"Baba, mimi si daktari. Na siruhusiwi kusema."

"Hata kitu kidogo tu, mami. Mimi nakaa hapa nje kama mzigo."

Mzigo! Moyo wa Nekesa ulilainika, na mdomo nao ukafuata.

"Vitamini C yake imeshuka sana. Mwili unaitumia kupigana."

Alisema hayo tu, akaenda zake akijiona mtu mwema.

Jumanne adhuhuri, mashine ilitoa majibu ya damu ya asubuhi. Siku ya kwanza vitamini ya Warigia ilikuwa nane. Ya pili, sita. Ya tatu, arobaini na moja.

"Ameinuka huyo!" alisema Musembi, mwenzake wa maabara. "Si hiyo ni poa?"

Nekesa hakumjibu, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtisha Musembi. Uharibifu wa seli ulikuwa palepale juu, haujashuka hata kidogo. Na mwili wa binadamu hautengenezi vitamini C. Lazima mtu ailete. Akarudia kipimo. Arobaini. Akafungua nakala ya karatasi ya dawa: hakuna daktari aliyeandika vitamini yoyote. Kama si hospitali, ni nani? Alimjua kabla hajamaliza kujiuliza, akatazama saa ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika mbili ifike saa saba, na saa saba ndipo wageni huruhusiwa kuingia.

Alitoka bila kuvua glavu. Ngazini alikuwa akimwona Warigia, aliyelala hajitambui, asiyeweza hata kukohoa vizuri, akinyweshwa kitu kikateremka njia ya mapafu. Aliogopa sana. Akakimbia.

Muigai alikuwa ameinama juu ya mkewe, mgongo wake ukiziba kila kitu. Mezani palikuwa na flaski. Mkononi alishika bomba la sindano lililojaa maji ya rangi ya machungwa, ncha yake imeshachomekwa kwenye mrija wa kulishia uliopita puani. Alikuwa amewatazama manesi wakilisha hivyo, akajifunza. Asichokiona ni kwamba kichwa cha kitanda kilikuwa kimelazwa chini, plasta imebanduka, na mrija umetoka nje karibu shibiri nzima, ncha yake ya ndani haiko tena tumboni.

"Baba, wacha! Usisukume!"

"Ni vitamini tu, daktari. Jana nilimpa na hakukuwa na sh…"

Kidogo kilikuwa kimeshaingia, na Warigia akakohoa kwa shida. Midomo yake ikageuka rangi, na mashine iliyokuwa kando yake ikaanza kulia. Sista Kavata, msimamizi wa wodi, alifika mbio, akainua kitanda, akautoa mrija, akamnyonya maji kooni kwa mashine. Nekesa alisimama mikono ikiwa hewani, hajui aiweke wapi, akimwomba Mungu kwa Kibukusu. Kisha kelele ikakoma. Warigia akavuta pumzi, halafu nyingine.

Kavata aligeuka, macho makali.

"Mzee, nani alikuambia umpe vitamini?"

Muigai alimtupia Nekesa jicho mara moja, kisha akainamisha kichwa. Habari za mkataba hakuzijua, lakini aliona jinsi yule binti alivyoogopa.

"Nilisikia kwa redio."

"Redio gani?"

Mzee hakuwa na jina la redio. Swali likabaki pale juu ya kitanda, kati yao watatu. Nekesa angeweza kuliacha likae, mara hii moja tu maishani.

"Ni mimi," alisema, akaanza kuvua glavu.