Dhambi Niliyomficha Padre

Harufu ya nta ya mabenchi imenisimamisha leo mlangoni mwa kanisa, katika mji ambao nilifika jana na kesho nitauacha.

Kule Kampala, mwaka wa Komunio yangu ya kwanza, mjomba alikuwa amejificha juu ya dari yetu. Wanajeshi walikuja kumtafuta. Mmoja aliniuliza mimi, nami nikajibu, "Haki ya Bikira Maria, hayupo." Wakaondoka.

Katekista alikuwa ametufundisha kwamba anayepokea Komunio huku ameficha dhambi anakula hukumu yake. Nilimwambia mama, alipokuwa akipiga pasi gauni langu jeupe, kwamba lazima nikaungame kile kiapo.

"Mungu alishasikia," alisema. "Padre asisikie. Naye ni mtu, mwanangu. Wanaweza kumchukua wakamuulize."

Mpaka siku hiyo nilidhani padre hawezi kuchukuliwa na mtu.

Jumamosi nilipiga magoti nikaungama kwamba nimeiba sukari jikoni, mwaka ambao sukari ilikuwa imeadimika madukani.

"Sukari?" padre alinong'ona. "Kwenu mmeipata wapi siku hizi?" Kisha akauliza, "Kuna lingine?"

"Hakuna, Padre."

Jumapili hostia, kile kimkate cha Komunio, ilininata kwenye kaakaa. Nilifumba macho nikingoja kuanguka mbele ya watu wote, huku wenzangu wakiimba. Sikuanguka. Nikameza.

Nyumbani mama alimpandishia mjomba sahani ya wali wa sherehe. Mimi nilikaa chini ya ngazi na gauni langu, nikiendelea kungoja.