Kokoto Kumi na Moja za Mjomba

Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu nilibeba mizigo Dar es Salaam, na siku nisipopata kazi nilishuka Magogoni kutazama meli kubwa za abiria zikiingia. Lango la bandari pale ni jembamba. Meli ilipita karibu kiasi kwamba niliweza kumwona mzungu wa ghorofa ya tano akinywa chai. Zile maarufu nilizitambua kwa bomba la moshi kabla sijasoma jina. Tangu hapo nimezunguka sana, Tanga, Mtwara, mpaka Pemba ya Msumbiji, na kila mji wa bandari nimeanzia gatini.

Kosa langu lilikuwa kusimulia nyumbani. Kwetu Likawage ni bara, watu wa ufuta na mahindi. Nilisema nimeona meli ya ghorofa kumi na mbili, yenye watu wa kuujaza msikiti wetu mara nne, na juu ya paa kuna bwawa la kuogelea. Ghorofa walizivumilia. Bwawa ndilo lililoniponza.

"Maji juu ya maji?" aliuliza mjomba, na kicheko cha siku ile kimenifuata miaka ishirini.

Wakaniita Ghorofa. Ningeweza kuishi na jina hilo, ila mjomba ndiye msemaji wa ukoo wetu, na kwake neno langu lilipoteza uzito. Nikileta habari ya msiba, alimtuma mtu wa pili akaulize kama marehemu amekufa kweli.

Mwaka jana nikasikia meli ya watalii itatia nanga Kilwa Masoko, wageni washuke kwenda kuona magofu ya Kisiwani. Haikuwa ileile ya Dar, lakini ni ya ukoo uleule. Nikamwambia mjomba twende. Alikubali upesi, nadhani kwa hamu ya kunimaliza. Tulilala Masoko kwa binamu yangu, asubuhi tukashuka ufukweni.

Meli ilikuwepo. Lakini ilikuwa nje kabisa, na kwa umbali ule ilionekana kama kiberiti kilicholazwa mezani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mjomba. Iko mbali tu."

"Uongo wote huwa mbali."

Kisha ubavuni mwa meli pakashuka boti ya rangi ya chungwa, ikaja mpaka gatini, ikateremsha wazee wa Kizungu wenye kofia na fimbo. Mjomba akasema basi, hao ndio wote. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu.

Mjomba alisimamia ghala la ufuta la ushirika kwa miaka mingi. Hakuwahi kulipima ghala kwa kutazama mlango. Alikaa nje, na kila lori lililojaa likiondoka aliweka kokoto moja mbele yake. Sasa nikamwona anainama na kuokota kokoto. Akaketi juu ya ukuta mfupi, akaacha kabisa kunisemesha, isipokuwa mara moja kuuliza boti moja inabeba wangapi kwa kukisia kwangu. Nikasema nusu ya msikiti wetu, siku ya Ijumaa. Alikuwa ameshaona hivyo mwenyewe, akaitikia kwa kichwa.

Kokoto zilipofika kumi na moja, kiberiti kilikuwa vilevile. Lori likishusha mzigo huinuka. Hiki hakikuinuka hata kidogo. Mwanamke mmoja, mwongoza watalii, alikuwa akisubiri wageni wake karibu nasi. Alimwamkia mjomba, mjomba akaitikia marahaba, akamuuliza kama sasa kule ndani pamebaki tupu. Yule mama akasema hapana, nusu yao huwa hawashuki, wanabaki kula.

Mjomba alizitazama kokoto zake, akazipanga mbilimbili, kila jozi msikiti mmoja. Kisha akatoa simu akampigia mama yangu, dada yake, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya shamba.

"Dada, huyu mwanao hakudanganya. Alipunguza." Akasikiliza kidogo. "Bwawa? Bwawa sijaliona. Hilo bado."

Wiki iliyofuata kulikuwa na posa ya kupeleka Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi. Mjomba alinipa maneno yote, akanitaka niyarudie mbele yake, akanikanya nisiongeze. Nikaondoka alfajiri. Njiani niligeuka mara mbili kuangalia kama kuna mtu aliyetumwa nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.