Mnyama wa Bi Nerida

"Bi Nerida, huyu mnyama, Nuhu alimwacha makusudi, au alimsahau tu?"

Swali hilo liliulizwa Jumapili asubuhi katika chumba cha nyuma cha kanisa la Mirrabah, magharibi ya Queensland. Aliyeuliza ndiye anayeandika haya, wakati huo akiwa na miaka minane na pengo la meno mawili ya mbele. Bi Nerida Pascoe alikuwa ameleta pingili moja ya uti wa mgongo iliyogeuka jiwe, ili watoto washike kitu kilichotoka kwenye ardhi yao wenyewe. Aliigeuzageuza kiganjani, akafikiri. Angeweza kudanganya. Watu wazima huwadanganya watoto kwa mambo madogo kuliko hilo.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Bado sijamfungua. Nikimwona mzima nitakujibu."

Haikufika saa saba mchana, habari ilikuwa imeingia kila jikoni: mwalimu wa watoto kaulizwa juu ya Nuhu, kasema hajui!

Bi Nerida alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane wa mfugaji, mikono mikavu kama ngozi ya tandiko. Darasa la Jumapili alilifundisha miaka ishirini na saba. Nusu ya wazazi waliomsema siku ile ni yeye aliyewafundisha kusali. Jumanne na Alhamisi alikwenda kwenye banda la makumbusho kusafisha mifupa, hakuna aliyemlipa senti. Mnyama mwenyewe alimwona kwake, karibu na kisima cha ng'ombe, kingo za mbavu zikichungulia kwenye udongo mweusi. Alimchimba na jiwe lake zima, akamfunga kwa magunia na plasta, ileile wanayomfungia mtu aliyevunjika mguu. Akabaki bonge jeupe refu kama kitanda cha mtoto. Ndani kulikuwa na mjusi wa baharini, hilo alilijua. Zaidi ya hapo, hakujua.

Wengine walijua. Hilo ndilo lililomuudhi.

Mchungaji Graeme Uhlmann alialika mtu wa kubishana naye kutoka Brisbane, Julian Sprake, msemaji wa chama cha wasioamini Mungu. Bango likabandikwa kwenye duka la mikate: MUNGU AU SAYANSI? JUMAMOSI SAA NANE MCHANA, JUMBA LA MJI. Na chini, kwa herufi ndogo: akina mama waje na sahani ya chakula.

"Denise," Bi Nerida alimuuliza katibu wa kanisa aliyekuwa akibandika, "kwa nini 'au'?"

"Bango lina nafasi ndogo, Nerida. Halafu, mnyama wako tunamweka jukwaani. Wamekubaliana wote wawili."

"Wameniuliza mimi?"

"Si ndiyo nakuambia sasa hivi? Na usisahau zile keki zako za nazi."

Basi Jumamosi ikafika. Joto lile la kuyeyusha lami, mapangaboi yakizungusha nzi walewale. Bonge la plasta lilikuwa mezani katikati ya jukwaa. Na mwenye bonge alikuwa wapi? Jikoni! Anajaza birika, anapanga keki, anasikiliza kupitia kidirisha cha kupitishia vikombe.

"Ndugu zangu," alisema Mchungaji, mkono juu ya plasta kama anambariki ndama, "ndani humu yumo kiumbe aliyefukiwa na Gharika. Tope lilimkamata akiogelea. Miaka elfu nne na kitu, basi!"

Sprake akacheka, akavua koti. "Mchungaji, kaka yangu, ndani humu mna miaka milioni mia moja. Ndani humu ndimo Mungu wako alimozikwa!" Akaligonga bonge kwa vidole vilivyokunjwa, ko, ko. "Hodi! Kuna Nuhu humo?"

Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Mchungaji akawa mwekundu shingoni.

"Na nimesikia," Sprake akaendelea, "kuna mama hapa mjini, siku za kazi anasafisha mifupa ya zamani, Jumapili anawafundisha watoto kwamba nyoka aliongea. Mama wa watu! Kichwa kimoja atakigawaje?"

"Mama huyo ni wetu!" Mchungaji akapiga ngumi juu ya bonge. "Ametutolea ushahidi wa Neno!"

"Ushahidi wenu? Wetu!" Na Sprake naye akapiga.

Ufa ukasikika hadi jikoni. Bi Nerida aliujua mlio ule kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Alitoka na birika mkononi, bila hata kuliweka chini, akapita katikati ya viti hadi mbele.

"Toa ngumi yako, Graeme. Na wewe kijana, toa mkono."

Wakatoa.

"Nani kawaambia mna nini humu?"

Akaliweka birika sakafuni, akaugusa ufa.

"Nimemchimba kwa magoti yangu wiki tano. Nimemfunga kwa mikono hii. Mimi sijui mna nini! Ninyi mmefika leo na suti zenu mmejua, mnampiga kama ngoma. Saa nzima mnanigombea, wetu, wenu, wetu. Kuna hata mmoja aliyekuja pale jikoni akaniuliza, Nerida, umeona nini?"

"Mama, mimi nilikuwa nakutetea…" Sprake alianza.

"Ulikuwa unanicheka. Nimesikia, sina uziwi. Chai ipo. Keki zipo. Mnyama wangu naondoka naye."

Wanaume wanne walimsaidia kulipakia bonge kwenye gari la shamba. Keki zililiwa zote, na pande zote mbili, tena kwa mdomo mpana.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alimwekea karatasi mezani kabla ya darasa. Walimu wote wa watoto walitakiwa kusaini kwamba dunia haijazidi miaka elfu sita.

"Ni saini tu, Nerida."

"Graeme, miaka ishirini na saba. Yuko mtoto aliyetoka chumba hiki hajui kusali? Mtaje."

"Hayupo. Lakini ulimwambia mtoto hujui."

"Sikuwa najua. Ulitaka nimwambie nini, uongo, humu ndani? Sisaini kitu ambacho sijakifungua."

Akapokonywa darasa. Denise akalichukua, akawapaka watoto rangi za upinde wa mvua kwenye mashavu kila wiki.

Wiki haijaisha, simu ikalia. Sprake. Alitaka Bi Nerida aende Brisbane ahutubie chama, aeleze jinsi alivyotoka kwenye imani.

"Sijatoka," Bi Nerida alisema. "Nimetolewa darasani. Jumapili nipo benchi la tatu, palepale nilipokaa na marehemu mume wangu, Col."

"Baada ya walivyokutenda? Huoni aibu?"

"Wewe na Graeme mngeoana. Mnafanana mno." Akakata simu, akakaa jikoni hadi chai ikapoa.

Halafu akafanya kazi. Miaka minane, Jumanne na Alhamisi, kwa kikalamu cha upepo chenye ncha kama sindano, akichokoa jiwe punje kwa punje. Pale palipopigwa ngumi mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Aliziunganisha kwa gundi na hakumsamehe mtu. Chini ya mbavu zile akakuta pingili nyingine ndogo, kila moja kama kifungo cha shati. Alidhani ni chakula. Akazifuata mwaka mzima. Hazikuwa chakula. Zilikuwa zimepangika vizuri, kichwa hadi mkia, mkia ukielekea njia ya kutokea. Wataalamu walikuja, wakatazama, wakavua kofia: mtoto ambaye hajazaliwa.

Asubuhi ya kuwaonyesha watu mnyama yule, Mchungaji alifika kwenye banda la makumbusho kabla ya wote. Alikuwa amezeeka. Alisimama sana kumtazama yule mdogo.

"Rudi darasani, Nerida," alisema mwishowe. "Wamebaki watoto wanne. Ile karatasi nimeichana. Ila wakikuuliza habari za miaka, wewe nyamaza tu. Naomba hilo moja."

Bi Nerida aliwaza kile chumba cha nyuma, viti vyake vifupi, harufu ya penseli za rangi. Alikuwa amekitamani miaka minane, kila Jumapili akisikia watoto wakiimba nyuma ya ukuta.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia yule aliyekuwa na pengo, sasa ana miaka kumi na sita, meno yote yapo, akasimama kando ya meza na kusahau hata kusalimia.

Bi Nerida akafuta vumbi mikononi kwa aproni. Akamtazama Mchungaji kwanza, machoni. Kisha akageuka.

"Uliniuliza kama Nuhu alimwacha makusudi au alimsahau. Hakufanya hata moja, mwanangu. Mama huyu alikufa zamani sana, kabla hajazaliwa mtu wa kumwacha."