Jumlisha, Toa, na Togwa ya Shangazi

Damu yangu waliikataa. Mdogo wangu alikuwa amelazwa hospitali pale Morogoro mjini, amejifungua kwa kupasuliwa, damu imempungukia, na kawaida ya siku zile ilikuwa ndugu wajitolee. Nikaenda mbio, nikakunja mkono wa gauni kwa mbwembwe. Mimi nimekulia Mgeta, nimeshusha matenga ya karoti kwenye njia za mlimani tangu utotoni, sijawahi kulazwa hata siku moja. Kama kuna damu nzuri mji ule, nilijua ni yangu. Wakanitoa kidogo ya kupima, nikasubiri kwenye benchi, halafu muuguzi akaja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba haifai, nikapime ini.

"Ini? Ini langu lina nini?"

"Nenda tu kapime, mama."

Mdogo wangu akapata damu ya shemeji yake, akapona. Mimi nikabaki na ini langu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu sasa yalijaa redio na vitenge, mitumba ilimwagwa chini kila kona, na madaktari nao walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati zao binafsi. Mmoja alikuwa na yake juu ya duka la vitenge. Akanitoa damu, akaipeleka Dar es Salaam, na baada ya wiki mbili nikaitwa kuchukua majibu. Daktari mwenyewe hakuwepo. Binti wa mapokezi akanipa karatasi yenye mistari mitano ya Kiingereza, na mbele ya kila mstari alama. Jumlisha, toa, jumlisha, toa, toa.

Nilirudi nayo nyumbani nikaipigia hesabu. Toa tatu, jumlisha mbili. Nikamwambia mume wangu, "Toa zimeshinda, mimi mzima."

"Kwani huu mpira?" akasema. Yeye aliona ile ya juu kabisa ndiyo yenye uzito, kwa sababu imeandikwa kwanza. Tukabishana mpaka ugali ukapoa. Asubuhi nikampelekea muuza dawa wa mtaani, akaitazama, akaigeuza, akaniuzia vidonge vya minyoo. Loo! Nilivinunua, na nikavimeza.

Jumatatu nikamkuta daktari. Akaweka kidole kwenye kila mstari. Wa kwanza, kirusi cha homa ya ini kimo mwilini. Wa pili, kinga ya kukifukuza haimo. Wa tatu, mwili umewahi kukutana nacho. Wa nne, hakikuingia karibuni. Wa tano, hakizaliani kwa kasi. Nilimsikiliza vizuri, naapa. Alipomaliza sikuwa nimeshika kitu.

"Daktari, niambie kwa Kiswahili. Mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Unacho kirusi, lakini huumwi."

"Sasa hiyo ndiyo nini?"

Hakukasirika. Alisema nirudi kupimwa kila baada ya miezi sita, pombe niache, wembe nisichangie na mtu, mume wangu naye apimwe, na akiwa hana achanjwe. Sahani na vikombe havina shida, tule pamoja tu. Nikamuuliza nimekitoa wapi. Akasema kikimwingia mtu mzima, mara nyingi mwili hukifukuza, ila kikimwingia mtoto mchanga mara nyingi hubaki. Mara nyingi mama humpa mtoto wakati wa kuzaliwa, bila yeye mwenyewe kujua.

"Mama yako yupo?"

"Alishafariki. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa ya manjano."

Akaweka kalamu chini. "Sikumpima, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini ini likiharibiwa na kirusi hiki, mtu huondoka hivyo hivyo."

Nilishuka ngazi nikakaa kwenye kizingiti cha duka la vitenge. Sikuwa nawaza ini langu tena. Nilikuwa namwaza shangazi.

Mama alipofariki, mjomba aliitisha kikao cha ukoo. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, na mjomba akisema amesema. Shangazi, dada yake baba, kwetu ni mtu wa ukoo mwingine, na ndiye aliyemuuguza mama. Mjomba akauliza, mara ya mwisho marehemu alikunywa nini, na kwa nani? Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa msichana mkubwa, nina akili zangu. Nikasema alikunywa togwa ya shangazi, kwa kata ya shangazi. Mjomba akatikisa kichwa, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Basi, yakaisha hapo. Hawakumpiga wala hawakumfukuza. Waliacha tu kula kwake. Miaka kumi na moja hakuna aliyenyoosha mkono kupokea togwa yake, na ndiye aliyekuwa fundi wa togwa kuliko wote kule juu. Msibani alipewa kazi ya kufagia uwanja, lakini hata kuni za jikoni hakuruhusiwa kugusa.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote, mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho yake akaniletea kikombe cha plastiki cha kijani. "Hiki chako peke yako," akasema, na akakipigilia msumari wake ukutani.

"Daktari kasema vikombe havina shida!"

"Daktari anafanya biashara. Akiwatisha wateja watarudi?"

Nilichukia sana. Lakini niseme kweli, hata mimi sikuwa na uhakika. Labda daktari alisema vikombe havina shida, labda alisema sahani tu. Nilianza kukitumia kile kikombe, na nikawa naficha kijiko changu. Mwezi mzima nilikula hivyo, nikazidi kumwaza shangazi, yule mama wa watu.

Mwezi ulipoisha nilipanda lori la mboga likirudi tupu Mgeta, karatasi kifuani, kikombe cha kijani kwenye kikapu. Nilipofika, shangazi alikuwa anachambua maharage uani. Amekonda, jamani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

Akaniwekea kigoda, akaingia ndani, akatoka na togwa kwenye kata. Huwa mwenyeji anaonja kwanza ili mgeni ajue hakuna kitu. Shangazi hakuonja kidogo. Alipiga mafunda matatu makubwa huku ananitazama, akafuta mdomo, akanipa.

Na mimi, mjinga mimi, nikatia mkono kwenye kikapu nikatoa kikombe cha kijani.

Niliogopa kumwambukiza! Niliogopa nikiweka mdomo pale, naye akanywa tena, nimuue kweli. Lakini yeye angejuaje? Alikitazama kile kikombe, mikono yake bado imeshika kata.

"Bado?" akasema. "Hata leo, mwanangu, bado?"

Nikapiga magoti. Nikalia, nikaongea vyote kwa pamoja, karatasi naifungua, jumlisha hii ni kirusi, toa hii ni kinga, si wewe, ni mama, wala si mama, hakujua, na mimi ninacho, naogopa nikupe. Nilipoishiwa pumzi shangazi akauliza, "Huo ugonjwa unapita kwenye kata?"

"Daktari alisema haupiti."

"Sasa unamwamini au humwamini?"

Nimepanda mlima ule kumtetea mtu kwa maneno ya daktari, na maneno yenyewe siyaamini. Nikaipokea kata. Nikanywa. Togwa ilikuwa ile ile, tamu, nzito, imekolea kimea. Akaichukua, akanywa palepale nilipoweka mdomo, akakaa chini.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, shangazi."

"Ulisema mbele ya watu. Kasome mbele ya watu."

Jumapili baada ya Misa tukakutana kwa mjomba. Mdogo wangu alikuwa amepanda kuonyesha mtoto, amebeba kichanga mgongoni. Shangazi alikuja na chungu chake, akakaa pembeni karibu na mlango. Nikasimama na karatasi. Nilisoma mistari yote mitano, nikaeleza jumlisha, nikaeleza toa, nikachanganya wa tatu na wa nne, nikarudia. Mjomba alinisikiliza, kisha akauliza, "Sasa daktari anasema nani alimtumia marehemu hicho kirusi?"

Nilikata tamaa. Nikaikunja karatasi. Nikasema, "Mjomba, mimi ndiye niliyetaja togwa. Nilimsingizia shangazi bila kujua, na huyu mama amekaa na njaa ya watu miaka kumi na moja kwa mdomo wangu. Mnisamehe. Na wewe shangazi, nisamehe."

Hilo walilielewa. Nikaenda mlangoni, nikachota togwa, nikainywa yote mbele yao.

Mjomba hakunywa. Hakunywa siku ile, wala hakunywa mpaka tunamzika. Ila mdogo wangu aliinuka na mtoto wake mgongoni, akaja akanyoosha mkono, akasema, "Shangazi, na mimi." Nyuma yake akaja mke wa mjomba, halafu mwingine. Chungu kikaisha. Shangazi akasema ana kingine nyumbani, ngoja akilete, na nyumba yake ni hapo tu ng'ambo ya migomba. Tulimsubiri sana. Nilipomfuata nilimkuta jikoni, chungu kiko kichwani tayari, amesimama anaegemea ukuta, analia.